Mdogo wangu anataka kunirudishia mwanawe kutoka Marekani. Nimpokee?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mama wa miaka 46, ninaishi Tandika na ninauza vitenge katika fremu ndogo Kariakoo. Nilizaliwa Kigoma. Mama yangu mdogo aliolewa ng'ambo ya ziwa, Fizi, nchini Kongo, na binti yake, ambaye kwangu ni mdogo wangu kabisa hata kama hatukulala tumbo moja, alikimbia vita akiwa msichana na kuishia kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu. Aliolewa kambini, akazaa kambini, na mwaka 2019 yeye, mumewe na watoto wanne walipata nafasi ya kupelekwa Marekani, katika jimbo la Kentucky. Siku ya kuondoka nilionana nao hapa Dar es Salaam kwa nusu saa tu. Mtoto wao wa kwanza, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 10, alikuwa amening'iniza shingoni ule mfuko wa plastiki wenye herufi za IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, ndani yake mna karatasi za familia nzima, kwa sababu baba yake alisema huyo ndiye asiyesahau vitu.

Kijana huyo sasa ana miaka 16 na nusu, na ndiye aliyenifanya nikuandikie. Mdogo wangu anasema mtoto ameharibika, amekuwa Mmarekani. Anajibu wazazi, haendi shule siku nyingine, ameacha mpira aliokuwa anaupenda, mchana analala na usiku hayuko usingizini. Mwezi uliopita shemeji alimchapa mkanda, kijana akashika simu akasema atapiga 911, namba ya kuita polisi. Tangu siku hiyo baba hamsemeshi. Amesema nyumba moja haikai wanaume wawili.

Sasa wameamua kumleta kwangu, akae mwaka mmoja au miwili, asome hapa, anyooke. Watatuma matumizi kila mwezi. Wanataka niwajibu kabla ya mwisho wa mwezi ili wakate tiketi, na mtoto mwenyewe hajaambiwa. Mume wangu hana neno, ingawa nyumba yetu ni vyumba viwili na sebule. Nami naona aibu kukataa, maana mdogo wangu amenisaidia sana. Hata kodi ya fremu ya miezi sita iliyopita alituma yeye.

Kinachonitatiza ni kwamba kijana hunipigia simu. Hupiga saa kumi na mbili asubuhi, ninapochemsha chai, na kwao ni saa tano usiku. Hazungumzi kama mtoto aliyeharibika. Aliniambia kwamba alipokuwa na miaka 12 mama yake alikuwa anatoka damu, wakaenda hospitali, na yeye ndiye aliyekuwa mkalimani kama kawaida. Daktari akaeleza kwamba mama ana uvimbe na kizazi itabidi kitolewe. Mtoto hakulijua neno kizazi. Akamwambia mama yake, "Watatoa kitu kibaya tumboni." Mama akatia saini. Ilipita miezi ndipo mdogo wangu akaelewa kwamba hatazaa tena. Kijana anasema hakuna aliyemlaumu, lakini hakuna aliyewahi kulizungumza. Wiki iliyopita aliniambia, "Ma mkubwa, wakati mwingine natamani nilale nisiamke," kisha akaniomba nisimwambie mtu. Shemeji ameshaomba uraia na anasubiri kuitwa kwenye mahojiano, kwa hiyo nyumba nzima haitaki kelele.

Mwalimu, nimpokee?

Mama Mkubwa wa Tandika, Dar es Salaam

*

Marahaba, Mama Mkubwa.

Nitaanza na lile alilokuomba usimwambie mtu, kwa sababu hilo halisubiri mwisho wa mwezi wala tiketi. Mtoto anayesema anatamani alale asiamke, huku halali usiku, ameacha mpira na anakwepa shule, huchukuliwa kwa uzito wote. Simu yake ijayo ikiingia, au afadhali umpigie wewe leo, muulize kwa maneno yasiyozunguka kama anafikiria kujiua, na kama amewaza atafanyaje. Watu wazima wengi huogopa kwamba swali hilo litampandikizia mtoto wazo ambalo hakuwa nalo. Halimpandikizii, bali humpa nafasi ya kutua mzigo mbele ya mtu asiyeshtuka. Akikujibu ndiyo, usikate simu kabla mtu mzima mwingine hajawa karibu naye. Akikujibu hapana, bado umwambie mama yake siku hiyohiyo, lakini umtangulie kijana kwa kumweleza: "Mwanangu, nakupenda, na hili siwezi kulificha." Anaweza kukasirika. Ni bora akukasirikie akiwa hai.

Marekani wana namba ya simu, 988, iliyoanza kutumika nchi nzima Julai 2022, ambayo mtu mwenye mawazo ya namna hiyo, au anayemhofia mwenziwe, anaweza kuipigia au kuitumia ujumbe saa yoyote, usiku na mchana. Kijana anazungumza Kiingereza, kwa hiyo ataitumia bila shida. Na wazazi wakipiga wao wanaweza kuomba mkalimani. Mdogo wako aende shuleni akaonane na mshauri wa wanafunzi, na amwone daktari wa familia. Dawa zilizomo ndani ya nyumba azifungie. Najua pasta wao atataka kumwombea, na aombe, ila maombi yaende sambamba na daktari.

Sasa nijibu swali lako. Usimpokee, kwa namna hii na kwa wakati huu. Nitakueleza kwa kirefu, kwa sababu itabidi na wewe ueleze kwa watu unaowaheshimu na ambao wamekutendea wema.

Kuna jambo la sheria ambalo nadhani wazazi wake hawajalifikiria. Umesema shemeji yako anasubiri mahojiano ya uraia. Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 2000 inayohusu uraia wa watoto, mtoto aliye chini ya miaka 18, mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu, anayeishi nchini humo chini ya malezi ya mzazi wake, huwa raia moja kwa moja siku ile mzazi huyo anapopata uraia. Hafanyi mtihani. Kijana wenu amebakiza mwaka mmoja na nusu hivi. Mkimleta Tandika, na baba yake akaapishwa wakati yeye yuko kwako, lile sharti la kuishi huko na mzazi litakuwa limetiwa shaka na ninyi wenyewe, kwa hiari yenu. Halafu akishatimiza miaka 18 itabidi aombe uraia kwa jina lake mwenyewe, naye aonyeshe kwamba ameishi huko mfululizo. Na mwenye kadi akikaa nje zaidi ya miezi sita ukaazi wake huanza kuhojiwa, akipitisha mwaka bila kibali maalumu cha kurudi anaweza kuhesabiwa kwamba ameutupa. Ninyi mnazungumzia mwaka mmoja au miwili kana kwamba ni likizo ndefu. Kwa karatasi zake, hiyo inaweza kuwa safari isiyo na marejeo, na mlango aliopitia awali haupo tena: mpango wa Marekani wa kupokea wakimbizi ulisimamishwa kwa amri ya rais tarehe 20 Januari 2025. Kabla mtu yeyote hajagusa tiketi, wamwone mwanasheria wa uhamiaji. Shirika lililowapokea mwaka 2019 linaweza kuwaelekeza kwa wanaotoa msaada huo kwa gharama nafuu au bila malipo.

Upande wetu huku nao si mwepesi. Huyo si Mtanzania. Alizaliwa katika ardhi yetu, lakini kambini, na kuzaliwa Nyarugusu, kwa utaratibu unaofuatwa, hakukumpa uraia wala ruhusa ya kukaa Dar es Salaam. Ataingia kwa hati ya kusafiria ya mkimbizi, ambayo kwa kawaida hudumu mwaka mmoja, na kwa viza. Akitaka kukaa na kusoma atahitaji kibali, na wewe utakuwa mtu wa kupanga foleni Uhamiaji mara kwa mara huku fremu imefungwa.

Lakini hata karatasi zote zingekuwa sawa, bado ningekuambia hivyohivyo. Ninyi watu wazima mnasema mnamrudisha nyumbani. Nyumbani wapi? Fizi hajawahi kuiona. Kambini alipoondoka ana miaka 10 hapakuwa mahali pa kuchagua, kwa kuwa mkimbizi hatoki pale bila kibali. Dar es Salaam aliipita nusu saa, mfuko shingoni. Hapa ni nyumbani kwako wewe, Mama Mkubwa. Kwake yeye ni mji wa kigeni wa pili, na safari hii ataletwa peke yake, bila kuulizwa, kama adhabu.

Nilifundisha sekondari kwa miaka mingi kabla ya kukaa kwenye safu hii, na niliwahi kupokea darasani kijana aliyerudishwa kutoka ng'ambo ili anyooke. Aliandika Kiingereza kizuri kuliko mimi mwalimu wake, na wenzake wakamcheka kila alipofungua kinywa kwa Kiswahili, hadi akaacha kukifungua. Alikaa dawati la nyuma mwaka mzima na begi lake mapajani, kama abiria anayengoja basi. Adabu alikuwa nayo tele. Nilichokuja kukielewa, na nilichelewa, ni kwamba tuliuona ukimya wake tukauita kunyooka.

Sasa tumtazame huyu wa kwenu bila hilo neno la kuharibika. Kambini, watoto wa Kikongo husoma kwa mtaala wa kwao, kwa Kifaransa. Akafika Kentucky na miaka 10, hana Kiingereza, akawekwa darasa la wenye umri wake, maana huko mtoto hupangwa kwa umri zaidi kuliko kwa alichokisoma. Akajifunza. Watoto hujifunza lugha upesi kuliko wazazi, na hapo ndipo nyumba nyingi za wakimbizi waliohamishiwa ng'ambo hupinduka bila mtu kuona: mtoto anakuwa mdomo na masikio ya familia. Barua ya mwenye nyumba anaisoma yeye, bili ya umeme anaipigia simu yeye, kikao cha walimu kinachomhusu mwenyewe anakitafsiri yeye. Msaada rasmi wa kumpokea mkimbizi hudumu siku 90 hivi, kisha baba anaingia zamu za usiku, mama zamu za mchana, na nauli za ndege waliyojia ni mkopo, hata kama hauna riba, unaosubiri kulipwa. Muulize kijana aliacha mpira kwa nini. Nitashangaa sana nikisikia kwamba aliuchoka. Nadhani utaambiwa kwamba saa za mazoezi ni saa za kulinda wadogo zake watatu.

Kisha mtu huyohuyo, ambaye ametendewa kama mtu mzima kwa miaka sita, anaambiwa na baba yake kwamba yeye ni mtoto na mtoto hajibu. Simtetei kwa kujibu vibaya. Ninasema ana hoja ambayo hajapata maneno ya kuisema, na alipokosa maneno akashika simu.

Kuhusu mkanda: walimu na madaktari wa Marekani wanalazimika kisheria kutoa taarifa wakimhisi mtoto anapigwa, kwa hiyo hata kijana asingeitaja 911, alama moja mkononi ingetosha kuleta maofisa wa ustawi wa watoto mlangoni. Shemeji yako ameliona hilo, na ukimya wake sidhani kama ni hasira tupu. Huyo ni mwanaume ambaye alivuka vita na kuitunza familia kambini, na leo hajui amwongozeje mwanawe ikiwa fimbo imeondolewa na hajapewa kitu badala yake. Usimwite mkorofi. Hapo wewe una nafasi ambayo daktari wala mshauri wa shule hana: wewe ni mkubwa wa mke wake, unaweza kumpigia na kumwita shemeji, ukamwambia kwamba mtoto anaumwa mawazo na kwamba anahitaji kusikia sauti ya baba. Wala asianze na hotuba. Aanze na kumpeleka mazoezini Jumamosi na kumngojea pembeni mwa uwanja hadi mwisho. Kama kanisani kwao kuna ibada ya Kiswahili, na katika miji mingi walikopelekwa Wakongo zipo, wamo wazee waliokwisha kupita hapo na watoto wao. Wawili wakae naye. Na kina mama wa kanisa hilo wanaweza kugawana kulinda watoto saa zile ambazo zamu za wazazi zinagongana. Familia moja haiwezi kubeba peke yake kilichokuwa kinabebwa na ukoo mzima na majirani wa kambi, na Wakongo waliotawanyika katika mji mmoja wasipojipanga wenyewe kuziba pengo hilo, linazibwa na mtoto wa kwanza.

Kazi ya ukalimani, kwa upande wake, ife mara moja. Hili ni jambo la haki, na ni muhimu walijue. Sheria ya Haki za Kiraia ya Marekani ya mwaka 1964 inazibana taasisi zote zinazopokea fedha za serikali kuu, hospitali nyingi na shule za umma zikiwamo, zimhudumie mtu kwa lugha anayoielewa; na kanuni zilizotungwa chini ya sheria ya afya ya mwaka 2010 zinakataza hospitali kumtegemea mtoto awe mkalimani, isipokuwa katika dharura pasipo na mtu mwingine. Mkalimani halipiwi na mgonjwa, na mara nyingi huja kwa njia ya simu. Mdogo wako asiogope kuonekana msumbufu. Aandike kwenye kikaratasi, kwa Kiingereza, kwamba anahitaji mkalimani wa Kiswahili, akiweke kwenye pochi, na kila anapofika dirishani akitoe kabla hajasema neno. Kijana akitaka kumsindikiza mama yake, amsindikize kama mwanawe.

Lipo jingine nalokuomba, nalo linakuhusu wewe. Ulitaja kodi ya fremu kwa kupita tu. Sikulaumu, kwa sababu biashara ya Kariakoo naijua ilivyo na msaada wa ndugu si dhambi. Lakini mwaka huu hesabu upya. Miezi sita ya kodi ya fremu ni zamu ngapi za usiku? Na wakati wa zamu hizo, nani alikuwa nyumbani na watoto? Nadhani mdogo wako hawezi kukuambia hana, kama wewe unavyoona aibu kumwambia hapana. Mpigie umwambie kwamba mwaka huu kodi utahangaika nayo wewe na mumeo. Hapo utakuwa umempunguzia mzigo, na hapana yako kuhusu mtoto haitasikika kama ya mtu aliyekula akasahau.

Endelea kupokea simu za saa kumi na mbili. Usizigeuze kuwa mawaidha. Mwulize amekula nini, mwache akusimulie, mchekee Kiswahili chake pale tu anapocheka yeye mwenyewe. Na ikiwa siku moja, karatasi zikiwa salama na yeye mwenyewe akitaka, atakuja Dar es Salaam wiki tatu za likizo, mpeleke akaoge baharini Kigamboni, mpikie mgebuka, samaki wa kwenu Kigoma, akae sebuleni kwenu kama mgeni anayependwa. Safari ya namna hiyo ninaiunga mkono kwa moyo wote.

Limebaki lile la hospitali. Mtoto huyo amekuwa akitembea miaka minne na imani kwamba alimkosesha mama yake uzazi kwa kutojua neno moja. Wewe huwezi kumwondolea. Mwenye uwezo huo ni mama yake peke yake. Zungumza naye kwanza, faragha, kwa upole, kwa sababu naye ana maumivu yake ambayo hakuyalilia. Atakapokuwa tayari, mwite kijana, na wewe uwe kwenye simu pamoja nao. Amwambie kwa Kiswahili, kwa kulitaja neno lenyewe, kwamba kizazi kilikuwa kinaumwa, kwamba kazi ya kueleza ilikuwa ya hospitali, kwamba mtoto wa miaka 12 hakupaswa kuwamo katika chumba kile, na kwamba hamdai chochote.